Mwanzi na Bilauri: Habari za Vinywaji vya Nyanda za Juu Kusini

Kila taifa lina vinywaji vyake, na kila kinywaji kina historia yake. Lakini si kila kinywaji kimepata mwandishi. Hapa ndipo palipo na tofauti kati ya kinywaji kinachosifiwa ulimwenguni na kile kiitwacho pombe ya kienyeji. Watu wengi hudhani kuwa tofauti hiyo imo katika ladha, au katika usafi, au katika ukali. Tukiichunguza kwa makini twaona kuwa kwa sehemu kubwa imo katika wino. Kimoja kimeandikwa jina lake, kipimo chake, mwaka wake na mwanzilishi wake. Kingine kimeachwa midomoni mwa watu, kinywewe leo na kisahauliwe kesho.

Makala haya yanaeleza habari za vinywaji vya Iringa na Mbeya, na jinsi sheria, biashara na desturi zilivyoviweka katika daraja zake. Si nia yetu kumsifu mlevi, wala si nia yetu kumhubiria. Nia yetu ni kuonyesha kuwa chombo anachonywea mtu, na watu anaonywa pamoja nao, ni ushahidi wa historia kama ulivyo ushahidi wa barua na wa magofu. Na ili sura ya jambo hili ionekane vizuri, yatupasa kuanza mbali kidogo, Marekani, kwenye baa ambazo zilijipatia sifa kwa kuuza vinywaji viitwavyo vya nchi za joto.

Katika Desemba 1933 marufuku ya vileo iliondolewa nchini Marekani baada ya miaka karibu 14. Muda mfupi baadaye, huko Hollywood, mtu aitwaye Ernest Gantt, ambaye dunia ilimjua kwa jina la Don the Beachcomber, alifungua baa ndogo iliyopambwa kwa mianzi, nyavu na vitu vilivyookotwa pwani. Mwaka 1934, katika mji wa Oakland, Victor Bergeron alifungua nyumba yake ya kulia chakula, naye akaja kuitwa Trader Vic. Watu hawa wawili ndio mababa wa baa za tiki. Kinywaji chao kikuu kilikuwa ramu, yaani kileo kikali kikenekwacho kutokana na miwa. Gantt aliichanganya ramu ya namna mbalimbali na maji ya ndimu, maji ya balungi, mdalasini na viungo vingine, akapata kinywaji alichokiita Zombie. Bergeron, mwaka 1944, alichanganya ramu na ndimu, kileo cha machungwa na sharubati ya lozi, akapata Mai Tai. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia askari waliotoka Pasifiki walirudi na hadithi za visiwa, na baa hizo zikaenea kila mji mkubwa.

Msomaji atagundua kuwa nchi ya joto iliyouzwa katika baa hizo haikuwapo mahali popote duniani. Tiki ni jina la sanamu za kuchongwa za Polinesia, katika Bahari ya Pasifiki. Ramu ni kileo cha visiwa vya Karibi, upande wa pili wa bara la Amerika, na miwa yake kwa karne nyingi ililimwa kwa jasho na damu ya watumwa waliotolewa Afrika. Hata ufundi wenyewe wa kuchanganya kileo kikali na ndimu, sukari, maji na viungo ulitoka kwingine. Waingereza waliofanya biashara katika Bara Hindi katika karne ya 17 waliuita mchanganyiko huo punch, na wataalamu wengi wa lugha hulinasibisha jina hilo na neno la Kihindi lenye maana ya tano, kwa hesabu ya vitu vitano vinavyotiwa. Basi bahari tatu zilitiwa katika bilauri moja, na mnywaji akaambiwa kuwa amefika nchi za joto. Watu wa nchi hizo wenyewe, na vile wanavyokunywa, hawakuulizwa.

Sasa na tuulize sisi. Iringa na Mbeya zimo katika nchi za joto kwa hesabu ya ramani, maana ziko kati ya nyuzi 7 na nyuzi 9 na ziada kusini ya ikweta. Lakini ni nchi ya milima. Mji wa Iringa uko kiasi cha mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na Mbeya iko juu zaidi, kiasi cha mita 1,700. Mwezi wa Juni na Julai baridi hukata maini, na katika Mufindi, Njombe na uwanda wa Kitulo sakitu huanguka alfajiri. Mtu wa huku hahitaji barafu katika kinywaji chake. Kama tutakavyoona, kimoja katika vinywaji vyake vya heshima hunywewa kwa maji ya moto.

Tuanze na ulanzi. Katika baa za tiki mwanzi ni pambo la ukuta. Katika Iringa mwanzi ndio kisima. Ulanzi ni pombe itokanayo na utomvu wa aina ya mwanzi ambayo wataalamu wa mimea huiweka katika jamii ya Oxytenanthera, nayo hupandwa na kutunzwa karibu na nyumba na mabondeni, katika Iringa na katika Njombe, ambayo ilifanywa kuwa mkoa wa peke yake mwaka 2012. Mvua zinaposhika, machipukizi hutoka ardhini. Kabla hayajakomaa, mgema hukata ncha ya chipukizi kwa kisu kikali, na kwenye mkato huo hufunga kikombe cha mwanzi kiitwacho mbeta. Utomvu hudondoka humo. Asubuhi na jioni mgema hurudi, akamimina kilichopatikana, akakata tena ubapa mwembamba ili jeraha lisizibe. Kazi hiyo huendelea msimu wote wa mvua, na mvua zikikatika nayo hukoma.

Ulanzi hautiwi hamira wala sukari. Huchachuka wenyewe kwa hewa na kwa muda, kama lilivyo tembo la mnazi huko pwani. Utomvu uliotoka karibuni ni mtamu, na mtoto huweza kuunywa. Huo huitwa mtogwa. Ukikaa hubadilika saa kwa saa, utamu ukapungua na ukali ukaongezeka, hata ukafika hali ya mkangafu, ambao si kinywaji cha mgeni wa siku moja. Hivyo mnywaji wa Iringa haulizi ni chupa gani. Huuliza ni wa lini. Kanuni ya mchanganyaji wa Hollywood ilikuwa ya vipimo vya ujazo. Kanuni ya mgema ni ya vipimo vya wakati. Zote mbili ni ufundi, na zote mbili hutaka ulimi uliofunzwa.

Hali hiyo ya kubadilika upesi ilikuwa na matokeo katika maisha ya watu. Kinywaji kisichoweza kuwekwa ghalani hakiwezi kumtajirisha mtu mmoja kwa urahisi. Kilichogemwa leo sharti kinywewe leo au kesho, na anayekinywa sharti awe jirani. Kwa sababu hiyo ulanzi ulikuwa kinywaji cha ujirani kabla haujawa bidhaa. Methali ya pwani isemayo kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji ilipanda mlima bila ya shida, maana mgema wa mwanzi na mgema wa mnazi ni ndugu katika kazi na katika majaribu.

Tukielekea Mbeya twakuta nafaka badala ya mwanzi. Huko, na katika sehemu za Songwe zilizotengwa na Mbeya mwaka 2016, pombe ya heshima ilitengenezwa kwa ulezi. Ulezi hulowekwa hata uote, ukaanikwa, ukasagwa kuwa kimea; kimea hicho huchanganywa na unga uliopikwa, na mchanganyiko huachwa uchachuke kwa siku kadhaa. Kazi hii ni ya wanawake, nayo hutaka kujua joto la maji kwa kidole, na hatua ya kuchachuka kwa pua na kwa sikio, maana pombe inayochemka yenyewe husikika. Miongoni mwa pombe hizo iko ile iitwayo kimpumu. Huwekwa katika chungu ikiwa nzito, ikamiminiwa maji ya moto, na wanywaji huketi kuizunguka wakaivuta kwa mrija. Maji yakipungua huongezwa mengine, na chungu huendelea hata nguvu ya kimea imalizike. Zipo pia komoni, itokanayo na mahindi, na kangara, ambayo hutengenezwa kwa pumba za mahindi na asali, au sukari mahali ambapo asali ni adimu.

Chungu cha namna hii ni chombo cha watu wengi. Mtu hawezi kukiweka mfukoni, wala si ada kukinywa peke yake. Wataalamu wawili wa elimu ya jamii, Godfrey Wilson na mkewe Monica, walikaa kwa Wanyakyusa kati ya 1934 na 1938, na mwaka 1951 Monica Wilson alitoa kitabu alichokipa jina la Good Company. Jina hilo lilikuwa tafsiri yake ya neno la Kinyakyusa ukwangala, ambalo kwa Kiswahili twaweza kulieleza kuwa ni raha ya kukaa pamoja na wenzako kwa wema na mazungumzo. Wanyakyusa wa zamani walikuwa na vijiji vya marika: vijana wa umri mmoja walijenga pamoja, wakala pamoja, na kunywa pamoja. Kwao, mtu aliyekula na kunywa peke yake hakuwa mchoyo tu, alitiliwa shaka. Pombe ilikuwa njia mojawapo ya kuonyesha kuwa moyo wa mtu hauna kinyongo.

Hatusemi kuwa zamani hizo palikuwa peponi. Mrija ulikuwa na daraja zake. Wazee walitangulia, wanawake waliopika hawakuwa daima wa kwanza kunywa, na pombe ya ujima ilikuwa pia ujira wa kazi ngumu. Lakini daraja hizo zilikuwa za umri, za jinsia na za ujamaa. Daraja ya rangi ya mtu na ya fedha yake ililetwa na mambo mengine, na mambo hayo tunaweza kuyapa tarehe.

Tarehe ya kwanza ni 2 Julai 1890. Siku hiyo mataifa makubwa yalitia sahihi mkataba wa Brussels, uliokusudiwa hasa kukomesha biashara ya watumwa. Ndani yake mlikuwamo vifungu juu ya vileo vikali katika nchi zote za Afrika zilizo kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini ya ikweta. Mahali ambapo vileo vya kukenekwa vilikuwa havijaenea, kuviingiza kulipigwa marufuku. Lakini kiasi fulani kiliruhusiwa kwa ajili ya wakazi wasio wenyeji. Maneno hayo machache yalitosha kugawa ulimwengu. Ramu na wiski hazikukatazwa kwa kuwa ni mbaya. Zilikatazwa kwa mtu mmoja na kuruhusiwa kwa mwingine, na kilichowatofautisha kilikuwa nasaba.

Wadachi walikuwa wameanza kuimiliki nchi wakati huo. Kalenga, ngome ya Mkwawa, ilianguka mwishoni mwa Oktoba 1894. Boma la Iringa lilianzishwa 1896. Mkwawa mwenyewe akafa Julai 1898. Upande wa Rungwe, wamisionari wa Moravian na wa Berlin walikuwa wamefika tangu 1891, nao walikuja na mashaka makubwa juu ya pombe. Baada ya vita vya 1914 hadi 1918 mkataba mwingine juu ya vileo vya Afrika ulitiwa sahihi huko Saint-Germain-en-Laye, Septemba 1919, ukakaza marufuku ya zamani. Na Uingereza ilipokabidhiwa Tanganyika na Shirikisho la Mataifa, hati ya udhamini ya 1922 iliiagiza serikali isimamie kwa ukali biashara ya silaha na uuzaji wa vileo vikali. Silaha na chupa ziliwekwa katika kifungu kimoja.

Mji wa Mbeya ulizaliwa katika hali hiyo. Ulianzishwa 1927, wakati dhahabu ya Lupa ilipokuwa ikivuta watu kutoka kila upande. Mwaka 1932 ndege za Imperial Airways zilipoanza kusafiri kati ya London na Cape Town, Mbeya ilikuwa mojawapo ya vituo vyake. Hivyo mji mdogo wa mlimani ukaingia katika njia kuu ya dunia, na pamoja na abiria zikaja desturi zao za jioni. Msafiri wa Kizungu aliweza kuketi barazani na kuagiza ramu au wiski na maji ya ndimu, huku akitazama Milima ya Mbeya ikigeuka rangi. Mwafrika aliyemletea sinia hakuwa na ruhusa ya kuonja. Palikuwa na barua za vibali, palikuwa na faini, na palikuwa na kifungo, vyote kwa ajili ya kuhakikisha kuwa kilichomo katika bilauri ya mmoja hakifiki katika kikombe cha mwingine.

Pombe ya Mwafrika nayo iliwekewa mahali pake. Katika miji palianzishwa vilabu vya pombe vyenye leseni, saa za kufungua na saa za kufunga. Serikali ilipata mambo mawili kwa mara moja: iliwaona wanywaji, na ilipata ada. Mapato ya vilabu yakawa sehemu ya fedha za miji na za hazina za wenyeji. Mpishi wa pombe, ambaye nyumbani kwake alikuwa bibi mwenye kukaribisha, sasa akawa mfanyabiashara mwenye kukaguliwa. Kwa upande mmoja alipoteza heshima ya ukarimu. Kwa upande mwingine alipata fedha yake mwenyewe mkononi, na hilo si jambo dogo katika nchi ambayo kazi za mshahara zilikuwa karibu zote za wanaume. Ada za shule zilizolipwa kwa debe la komoni hazikuandikwa katika taarifa yoyote ya elimu, lakini zilisomesha watoto wengi.

Hapa yafaa tulitazame neno lenyewe, kienyeji. Asili yake ni mwenyeji, na mwenyeji katika Kiswahili ni mtu wa heshima: ndiye mwenye mji, ndiye anayempokea mgeni, ndiye anayejua njia. Kuku wa kienyeji husifiwa kwa utamu wa nyama yake. Lakini pombe ya kienyeji, kwa kuwa jina hilo lilishikamana na leseni, ukaguzi na polisi, ikachukua harufu ya unyonge. Neno lenye maana ya kupokea wageni likageuzwa kuwa alama ya kitu ambacho mgeni haonyeshwi. Sijui kama upo mfano bora zaidi wa sheria kuharibu neno bila ya kuligusa.

Katikati ya miaka ya 1950 marufuku ya vileo vikali kwa Waafrika iliondolewa, na mwaka 1961 nchi ikapata uhuru wake. Mtu angetazamia kuwa daraja za vinywaji zingevunjika siku hiyo. Ile ya rangi ilivunjika kweli, na ilikuwa haki. Lakini mahali pake palishikwa na daraja ya fedha na ya cheo. Kunywa bia ya chupa kukawa dalili ya kuendelea, na kukaa kilabuni kukawa dalili ya kubaki nyuma. Sheria ya 1966 juu ya moshi, yaani kileo kikali cha kukenekwa ambacho watu hukiita gongo, ilitaka utengenezaji wake uwe na leseni. Na sheria ya vileo ya 1968 ikapanga leseni na saa za kuuza, ikiendelea kuzitenga pombe za kienyeji katika fungu lake. Hivyo mlango ulifunguliwa kwa watu, na vinywaji vikabaki kila kimoja upande wake.

Katika miaka ya 1970 konyagi ya Dar es Salaam ilishika nafasi yake mezani. Jina lake linatokana na Cognac, mji wa Ufaransa ujulikanao kwa kileo cha zabibu. Lakini konyagi yetu hukenekwa kutokana na molasesi, ile shira nzito inayobaki baada ya sukari kuondolewa katika maji ya miwa. Kwa asili, basi, ni ndugu ya ramu kuliko ilivyo ndugu ya kileo cha Ufaransa. Miwa hustawi katika bonde la Kilombero, chini ya milima ya Udzungwa, mwendo si mrefu kutoka Iringa. Mtu akitaka kinywaji cha miwa cha nchi za joto hana haja ya kwenda Karibi. Lakini hata hapa tulichagua jina la mbali kwa kitu cha karibu.

Barabara kuu ya kwenda Zambia, na reli iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, zilileta makreti ya bia kwa wingi. Baadaye vileo vikali vilikuja kufungwa katika vifuko vidogo vya plastiki, viroba, hata serikali ikavipiga marufuku kuanzia 1 Machi 2017. Tazama mwendo wa vyombo katika historia hii. Chungu kilikuwa cha wengi, na mtu alikizunguka pamoja na wenzake. Chupa ilikuwa ya mmoja, ingawa bado aliketi mezani na watu. Kiroba kilikuwa cha mfukoni, kikanywewa njiani au nyuma ya ukuta, na bei yake iliweza kulipwa na kijana asiye na kazi. Tunapozungumza juu ya ulevi wa siku hizi tunahesabu kiasi cha kileo, na twafanya vema. Lakini twasahau kuhesabu walioketi pamoja. Ukwangala hauwezi kutiwa katika kifuko.

Hapana budi kusikiliza upande wa pili. Wapo watakaosema kuwa pombe ni pombe, iwe katika chungu au katika bilauri, nayo imevunja nyumba nyingi. Wanasema kweli. Ulezi uliopikwa pombe ni ulezi usiopikwa uji, na mwaka wa njaa hesabu hiyo huuma. Vileo vya moshi vinavyokenekwa kwa siri vimepofusha watu na kuwaua. Makanisa yaliyowakataza waumini wao pombe yaliona machozi ya wake na watoto, hayakubuni hoja hewani. Mwandishi wa historia hana ruhusa ya kuyafuta machozi hayo ili hadithi yake ipendeze. Lakini hoja hiyo, ikichukuliwa kwa haki, huwahusu wanywaji wote sawasawa. Zombie ya Hollywood ilikuwa kali kiasi kwamba mwenyewe aliyeibuni aliweka mpaka wa bilauri mbili kwa mtu. Hata hivyo hakuna aliyesema kuwa kwa sababu ya ukali wake haifai kuandikiwa historia.

Historia yake imeandikwa, na namna ilivyoandikwa ni funzo kwetu. Gantt aliificha kanuni yake. Chupa zake nyingine alizitia nambari na majina ya siri ili hata watumishi wake wasijue wanachochanganya. Kinywaji hicho kikaharibika kwa kuigwa vibaya, na kanuni ya 1934 ikawa kama imepotea. Miaka mingi baadaye mtafiti Jeff Berry aliwatafuta wazee waliofanya kazi katika baa hizo, akasoma madaftari yao, akafumbua maneno ya siri moja moja, na mwaka 2007 akatoa kitabu kiitwacho Sippin' Safari. Mwenye kupenda Kiswahili ataona kuwa katika jina hilo neno letu limo, nalo limesafiri hata kufika katika bilauri za Pasifiki na Karibi, huku vinywaji vya nchi ya wasemaji wake vikiwa havijapata hata daftari.

Huo ndio uzito wa jambo hili kwa wanafunzi na walimu wa lugha. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya lahaja ya Unguja, na kamati ya lugha iliyoanza kazi 1930 iliwatazama zaidi watu wa pwani. Kwa hiyo tembo na kugema vimo katika kamusi ya Frederick Johnson ya 1939, maana mnazi ulikuwa mbele ya macho ya watunga kamusi. Mwanzi wa Iringa ulikuwa mbali. Maneno kama mbeta, mtogwa na mkangafu, pamoja na majina ya hatua za kimea, ya mirija, ya vyungu na ya vipimo, yamo vinywani mwa wagema na wapishi ambao wengi wao ni wazee. Dumu la plastiki limekwisha shika nafasi ya kibuyu kando ya barabara kuu. Chombo kikiondoka, jina lake hukaa muda mfupi kisha nalo huondoka.

Kazi inayotakiwa si ngumu. Mwanafunzi atokaye Mufindi au Rungwe anaporudi kwao likizo aweza kuchukua daftari akamfuata mgema asubuhi na jioni kwa juma moja. Aandike jina la kila chombo, kila hatua na kila hali ya kinywaji. Aandike ni mwezi gani, ni siku ya ngapi, ni nani aliyegema na ni nani aliyekaribishwa. Amwulize mpishi wa pombe vipimo vyake, naye asione haya kwa kuwa vipimo hivyo ni vya konzi na vya kata; aandike konzi ngapi. Asipokuwa mnywaji hapana neno, maana kalamu hailewi. Na atakapofika kwenye neno kienyeji, asilikimbie. Aliandike kwa maana yake ya kwanza, ya mwenye nyumba anayemkaribisha mgeni, kisha aeleze kwa tarehe na kwa sheria jinsi lilivyokuja kuwa na maana ya pili.